Uzinduzi wa Hospitali ya Wazazi kwa Njia ya Projekta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi ya Kunikaribisha. Watendaji wa ngazi zote, zikiwemo zile ambazo bado tunazitafutia kazi. Wazee wenzangu, akina mama, na nyinyi mliokaa karibu na mlango kana kwamba mna haraka: awali ya yote niruhusuni nihutubie nikiwa nimeketi, maana daktari amesema moyo wangu umebakiwa na safari fupi, nami sitaki kuimalizia kwa kusimama. (Makofi ya huruma.)

Ndugu wananchi, kwa kuzingatia sera, miongozo na maono ya muda mrefu ya ofisi yangu, na baada ya mchakato shirikishi wa fizibiliti uliowahusisha stekiholda wote isipokuwa wagonjwa, leo nazindua Hospitali ya Wazazi ya kata hii, iliyokamilika kwa asilimia mia moja na nne, hizo nne zikiwa ni juhudi zangu binafsi. (Vigelegele.) Na kwa kuwa barabara ya kufika huko bado iko kwenye mchakato, tutaizindua hapa hapa ukumbini, ukutani. Dada wa projekta, weka picha.

Tazameni. Huyu ni Daktari Bingwa wetu. Amebandika stetoskopu kwenye kompyuta, anaisikiliza mapigo. (Minong'ono.) Msishangae, hii ndiyo afya ya kidijitali, mashine lazima ipone kabla ya mgonjwa. Endelea, dada. Huyu ni mama mjamzito, yuko peke yake, anaangua kicheko mbele ya bakuli la majani mabichi. (Sauti ya mama mmoja: "Anachekea nini huyo, uchungu haumjui?") Anachekea huduma, mama yangu. Hawa nao ni watumishi wetu, wote wamekunja mikono, wote meno nje. (Sauti: "Sasa kazi anafanya nani?") Hiyo ni menejimenti. Na huyu ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa hospitalini kwetu. (Kicheko. Sauti: "Mzee, kichanga gani huyo ana meno juu na chini!") Huo ndio ubora, ndugu yangu! Na hayo maandishi yaliyofifia, yanayokatiza nyuso za watu toka kona hadi kona, ni mihuri ya usalama.

(Vurugu upande wa akina mama.) Kuna nini tena? Mkunga, mwanangu, kaa chini. (Mkunga: "Sikai, baba. Mke wa fundi cherehani ameshikwa na uchungu, chupa imepasuka, na mtoto ametanguliza miguu. Gari lako liko nje. Mwambie dereva aelekee wapi.") Swali zuri sana, ambalo ofisi yangu italipokea na… (Mkunga: "Baba, nakuuliza njia.") …na kuliundia kamati ndogo ya kitaalamu itakayo…

(Mke wa fundi analia kwa sauti.)

Dereva. Dereva! Mpeleke hospitali ya zamani, ng'ambo ya mto, usisimame popote. Hapa kwetu hakuna pa kumpeleka. (Mlango unabamizwa ukutani. Gari linaondoka.)

Tuendelee kama ratiba inavyosema. Afya! (Kimya.) Nikisema afya, nyinyi mnasema… (Kimya.) Basi.

Kwa kumalizia, natoa shukrani. Namshukuru mpiga picha nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, maana bila ile tovuti inayouza picha za watu wanaojifanya, tusingekuwa hata na hospitali hii ya ukutani. Niliandika "mjamzito mwenye furaha", wakaja chungu nzima, wote wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza njia. Nikaona wananitosha. Nilitaka nizikwe nikiitwa mjenzi. Kiwanja chenyewe ni kile wanachochezea mpira wajukuu zenu; halijachimbwa hata shimo la msingi, na halikuwahi kupangwa kuchimbwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Zima hiyo mashine, dada. Na mwenye namba ya dereva ampigie, aniulizie kama wameshavuka daraja.