Mgongo wa Chepkirui

Alhamisi, 19 Desemba 1957

Nimedanganya. Lakini kidogo, na ni kwa ajili ya Krismasi.

Kila mwaka watu wa mume wangu Kipsang wanakula Krismasi kwa Chepkirui, mke wa kaka yake. Nyumba yake ni ya mabati, yangu ya nyasi. Sawa. Lakini mwaka huu nina Johana, mtoto wangu wa kwanza, hata meno hana. Kwetu Silibwet, marehemu mama alikuwa anafungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, baada ya sala. Tone la kwanza la maziwa lilikuwa la mdogo kuliko wote, kwa sababu, alisema, Bwana wetu alikuja akiwa mdogo. Halafu kila mtu anataja jambo Mungu alilomtendea. Mama tulimzika wakati wa mvua. Nani atamfanyia Johana hivyo, kama si mimi, nyumbani kwangu?

Basi nimemwambia mama mkwe kwamba Chepkirui anaumwa na mgongo, hawezi kupikia watu. Akasema haya, tutakula kwako. Haleluya!

Chepkirui nimemwambia mama mkwe anataka apumzike. Alishangaa sana. Akasema kwa boma hili hata punda hajawahi kuambiwa apumzike.

Ijumaa, 20 Desemba

Hatari! Nimemwona mama mkwe akipita na chupa. Dawa ya mizizi, ya mgongo wa Chepkirui! Nilikimbia katikati ya majani chai, Johana akirukaruka mgongoni, nikamfikia karibu na mto. Nikasema jamani Mama, miguu yako, acha nipeleke mimi.

Nimeimwaga kwenye migomba. Sasa migomba haitaumwa na mgongo.

Jumamosi, 21 Desemba

Mursik lazima ianze leo, la sivyo haitakuwa tayari. Kibuyu kinasuguliwa ndani na kaa la mti wa senetwet, kila mtu anajua. Lakini senetwet iko kwenye ua wa Chepkirui peke yake. Nikienda kuomba, ataanza kuniuliza hili na lile.

Nimetumia mkaratusi. Makaa ni makaa. Yote ni meusi.

Jumatatu, 23 Desemba

Siku mbaya. Chepkirui amekuja. Amenusa. Akauliza kama mtoto anakohoa, mbona nyumba inanuka dawa ya kifua. Nikasema ndiyo, anakohoa. Akamchukua Johana maskini, akamfunga mgongoni, akaanza kumwimbia huku akiruka. Mgongo umenyooka kama mlingoti!

Mara namwona mama mkwe mlangoni pa boma. Nilimnyang'anya mtoto. Nikaangusha sindano, nikamwomba Chepkirui anitafutie. Mama mkwe akaingia, akamkuta ameinama mpaka chini. Akamwambia pole sana, mwanangu. Chepkirui akasema si kitu Mama, ni sindano tu. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema ndiyo, huanza hivyo, kama sindano.

Nilikaa chini.

Jumanne, 24 Desemba

Kibuyu hakifunguliwi kabla ya siku yake. Nimekizunguka tangu asubuhi kama kuku. Kipsang ametoka kiwandani, akauliza ni nani mgonjwa humu ndani.

Nimesali. Sikumweleza Mungu mambo yote.

Jumatano, 25 Desemba. KRISMASI

Tumetoka kanisani tukiimba. Katekista Gekara akaja pia. Nyumba ikajaa. Mwisho akaingia Chepkirui, sufuria ya nyama kichwani, kikapu mgongoni, amepanda kilima chote bila kupumzika. Mama mkwe akaangalia ule mgongo. Akaniangalia mimi. Afadhali angenigombeza!

Katekista alisali sana. Mimi nilitaka asiache.

Nikafungua kibuyu. Nikachovya kidole, nikamwekea Johana kwenye ulimi. Uso ukajikunja wote. Akapiga chafya kwenye shati la katekista. Akalia kama amechomwa. Katekista, kwa heshima, akaonja. Machozi yakamtoka. Akauliza kwa upole kama ni ya kunywa au ya kujipaka.

Nilikimbilia nyuma ya ghala la mahindi, nikalia kwa ajili ya mama yangu.

Chepkirui akanifuata. Akasema mama mkwe alimuuliza jana kama ile dawa imesaidia, naye akauliza dawa gani. Kwa hivyo wote wanajua. Nikangoja kofi. Badala yake akatoa kibuyu chake ndani ya shuka. Akasema: “Mama Johana, wewe ni mjinga sana. Kama ungesema tu unataka, ningekuletea na kuni. Shika. Nyumba ni yako, mtoto ni wako, fungua wewe.”

Nikafungua. Kidole changu, ulimi wa Johana. Akalamba. Akatafuta tena! Kwa muda nilimwona mama yangu kabisa.

Kila mtu akataja neema yake. Mama mkwe akasema anamshukuru Mungu kwa wakwe wawili, mmoja mwenye mgongo mzuri, mwingine mwongo. Walicheka mpaka katekista akashika ukuta.

Alhamisi, 26 Desemba

Chepkirui amekuja kunisaidia kuosha sufuria. Amesema siku nyingine niombe tu, mdomo haulipiwi kodi. Nikakubali kwa moyo wote. Kweli nimejifunza.

Jioni katekista akapita. Akasema Pasaka kutakuwa na ubatizo, na Wakristo wanahitaji nyumba ya kulia chakula. Anaonelea kwa Chepkirui, kwa sababu kuna nafasi.

Sijui ni nini kilinishika. Nilimwambia paa la Chepkirui linavuja vibaya.

Alisikitika. Akasema basi, itakuwa kwa Tecla, jirani yetu. Si kwangu!

Nimepiga magoti. Ee Bwana, lete mvua kubwa kabla ya Pasaka. Na msumari mmoja tu wa mabati ya Chepkirui ulegee.