Mwezi Ulioandama Upande wa Bahari

Jumatano, 26 Machi. Mfungo 25.

Imekamilika! Miwani ya kuonea gizani, kazi ya mikono yangu mwenyewe, Jaafar, fundi simu wa Kona ya Musa. Miwani ya kuzamia aliyoiacha mtalii Diani. Kamera ndogo ya ulinzi nimeipachika nyuma ya kioo chake, imezungukwa na vitaa ambavyo jicho la mtu halivioni ila kamera inaviona. Simu yangu nimeifunga mbele ya macho, ndiyo kioo cha kuonyeshea. Vitaa vya upande mmoja vimeungua, nusu nzima. Si neno, nusu inatosha.

Nimeijaribu adhuhuri, kwa kuwa usiku nina usingizi wa daku. Nikajifungia stoo ya makaa, dirisha nimeliziba kwa kanga za mke wangu, Biasha. Nikaona kila kitu. Magunia, jembe, panya. Panya naye ameniona. Nimetoka mweusi kuanzia utosini hadi nyayo.

Nikaipa jina Jicho la Bundi. Biasha, ambaye mimba yake imetimia miezi tisa, akasema ndege huyo haingii nyumba yenye mja mzito, hata kwa jina. Basi sasa ni Jicho la Paka.

Mpango ni huu. Jumapili watu wote wa kijiji chetu cha Munje watatoka kutazama mwezi wa Idi. Mimi nitauona wa kwanza, na picha itarushwa kwa WiFi hadi kwenye televisheni, barazani pa msikiti. Griffin, mkuu wa walinzi wa hoteli moja Diani, amesema akiiona ikifanya kazi mbele ya watu ataagiza kumi na mbili. Nitaacha kubadilisha vioo vya simu maisha yangu yote.

Alhamisi, 27 Machi. Mfungo 26.

Kikwazo kina jina. Fauzia, mdogo wake Biasha. Ndiye aliyeuweka mtandao wa kijiji, antena zake ziko juu ya tangi la maji la shule. Mtandao wenyewe ni mmoja na mwembamba, tunagawana. Anayegawa si Fauzia, ni programu aliyoiandika Fauzia. Kila nyumba ina fungu lake. Asubuhi wachuuzi wa samaki hutangulizwa, jioni wanafunzi. Mwenye video husubiri. Zahanati haisubiri kamwe: njia yake imewekwa kando, hata ikishinda tupu kutwa.

Picha yangu inakwama kila nikigeuza shingo. Nikaenda kumwomba fungu kubwa. Akasema, shemeji, fungu lako ni sawa na la wenzio. Nikamweleza kwamba huu ni uvumbuzi. Akasema kila mtu humwambia lake ndilo muhimu, na jirani yetu Mzee Sefu hadi leo humwapia kuwa video za mieleka ni elimu.

Sawa. Jioni nimesajili simu sita za dukani kwa majina sita ya nyumba. Mafungu sita, yote yangu.

Ijumaa, 28 Machi. Mfungo 27.

Nimepewa fungu moja. Mtandao umegundua kwamba zipo simu sita zinazolala pamoja na kuamka pamoja, mahali pamoja, ukazihesabu kuwa nyumba moja. Fauzia hata hakuwepo, alikuwa sokoni.

Nilikasirika hadi adhana ya Ijumaa. Baada ya swala nikakaa kwenye ngazi za msikiti nikafikiri, na nikakiri moyoni kuwa ile ni kazi safi. Kitu kinakaa juu ya tangi, hakili, hakilali, na kinajua haki ya kila mtu kuliko mwenyekiti yeyote niliyewahi kumpigia kura. Nikamwambia Biasha mdogo wake ana kichwa. Akasema nikamwambie mwenyewe. Siwezi, nina heshima zangu.

Baadaye riziki ikaja yenyewe. Nereah, mkunga wa zahanati, ameniletea kishikwambi chenye kioo kilichopasuka. Akasema ndicho anachoongelea na daktari wa Msambweni mama akipata shida, kwa hiyo nifanye upesi. Nimefanya upesi. Nimenakili pia namba inayokitambulisha kwenye mtandao. Kuanzia leo, mbele ya mtandao, Jicho la Paka ni zahanati. Njia imelala tupu, mtu akipita kuna ubaya gani?

Jumapili, 30 Machi. Mfungo 29.

Niandike kwa mpango.

Baada ya alasiri Biasha alisema kiuno kinamuuma. Nikamwambia alale kidogo, leo ni siku kubwa. Nikaondoka.

Magharibi ikaingia. Watu wamejaa barazani, tende midomoni, Griffin kasimama mbele kabisa. Nikavaa miwani. Picha ikaenda kwenye televisheni laini, haikwami hata mara moja. Nikageukia baharini, kwa kuwa giza lilianzia huko. Na mwezi huo hapo! Mwembamba, mweupe, umepinda vizuri. Nikapiga takbira. Wengine wakaitikia.

Ustadh Ramadhani, imamu wetu, akaweka kikombe chake chini. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, tangu lini mwezi mwandamo ukatokea baharini, ilhali jua limezama nyuma yetu?

Nikageuka nyuma. Mwezi ukanifuata. Nikatazama ukuta wa msikiti, mwezi ukawa ukutani. Nikamtazama ustadh mwenyewe, mwezi ukatua kwenye ndevu zake, na televisheni ikawaonyesha wote. Vile vitaa vya upande mmoja vilivyobaki, vimepinda kama mwezi mchanga, vilikuwa vinajiakisi kwenye kioo cha miwani.

Hapo Kadzo, muuza viazi karai, akatuuliza tunatafuta nini. Kidole chake kilikuwa kimeelekea juu ya minazi ya magharibi, na mwezi wa kweli ulikuwa pale. Ameuona kwa macho yake mawili, huku anakaanga. Sisi wote tulikuwa tumeupa mgongo tukitazama televisheni.

Ningejitetea, lakini simu iliyo machoni pangu ilikuwa inaita. Bi Warda, mama mkwe. Alikuwa amepiga mara tatu na mara tatu nilikata, maana jina lake lilifunika picha. Kabla sijaamua, picha ikazimika. Yakaja maandishi: njia hii ni ya zahanati, inatumika, tafadhali ondoka.

Nikakimbia hadi kwa Fauzia kumgombeza, miwani ningali nayo kichwani. Alikuwa mbele ya kompyuta yake. Hakunitazama. Akasema, shemeji, punguza sauti, njia imembeba mkeo.

Nikaivua miwani, nikasikiliza. Biasha alifikishwa zahanati na mama yake kabla ya magharibi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimetoka, mabega yamekwama. Nereah akamwita daktari, na mtandao ukaona zahanati mbili. Fauzia alikwisha kuufundisha zamani: yakitokea hayo, zahanati ya kweli ni ile inayosikika kwenye antena inayoielekea zahanati. Haukumuuliza mtu. Kufumba na kufumbua, nilikuwa nje. Daktari akaona, akamwelekeza Nereah namna ya kumgeuza Biasha akae kwa mikono na magoti, na mabega yakafunguka. Msichana. Analia kwa sauti kubwa, alhamdulillahi.

Nimelia pia. Nimemwambia Fauzia, kwa mdomo wangu na mbele ya mama yake, kwamba kazi yake ni bora kuliko chochote nilichowahi kukigusa, na kwamba zahanati ya pili ilikuwa mimi. Akasema anajua. Nani mwingine?

Jumatatu, 31 Machi. Idi.

Biasha mzima. Mtoto ananyonya. Tumempa jina Fauzia. Aliyelitaja wa kwanza ni mimi. Griffin amerudi Diani bila kuaga.

Nimekaa peke yangu uani nikayatafakari makosa yangu kwa unyofu, kama inavyotakiwa siku ya leo. Nimeyaona wazi. Sitayarudia tena.

Shangazi zake Biasha walioko Maskati wanataka kumwona mtoto saa zote, na fungu la nyumba yetu halitoshi. Kosa langu lilikuwa kuchukua jina la zahanati yenyewe, zikawa mbili, zikagongana. Kwa hiyo baada ya pilau nimejaza fomu ya mtandao kwa mwandiko mzuri, na kitanda cha mtoto nimekisajili: Zahanati ya Munje, Tawi la Pili.