Ombi la Kumsajili Mume Wangu Kama Kulungu Aliyejeruhiwa

Lerviken,
11 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Ofisi ya Mkoa, ghorofa ya tatu (kama bado hamjahamishwa)

YAH: MPAKA WA MKOA UNAOPITA MITA MIA TATU KUTOKA JIKONI KWANGU

Mheshimiwa,

Kwanza uniwie radhi kwa hilo neno. Najua nchi yetu iliachana na mambo ya vyeo tangu nikiwa msichana, na kwamba tukikutana dukani ungependa nikuite kwa jina lako tu, kama ninavyomwita daktari, kasisi na yule anayekuja kuzibua mabomba. Lakini nina shida, na mwenye shida huona afadhali azidishe heshima kuliko kuipunguza.

Mimi ni Ragnhild Åkerlind, mwalimu mstaafu, umri miaka sabini na tisa. Kwa miaka thelathini na minane nimewafundisha watoto wa halmashauri ya Granbäcka jiografia ya mkoa huu, mito yake, maziwa yake na mipaka yake. Kwa hiyo kama maofisa wenu hawajui umbali kati ya sehemu moja na nyingine, huenda kosa ni langu, nami nalibeba. Mume wangu, Torvald, ana miaka themanini na mitatu. Septemba iliyopita alipata kiharusi. Mguu wake wa kushoto hausikii amri, na mkono wa kushoto unasikia lakini unabisha. Akili na ulimi viko palepale. Mimi siwezi tena kumwinua peke yangu. Nililia wiki nzima, kisha nikakubali kwamba lazima ahamie nyumba ya wazee. Lililobaki ni swali dogo tu, nyumba ipi, na juu ya swali hilo nina malalamiko yafuatayo.

1. Kutoka dirisha la jikoni kwangu naiona nyumba ya wazee ya Strandro, ng'ambo ya ghuba. Ni kilomita mbili na ushee juu ya barafu. Kwa sleji yangu, kile kiti cha kuteleza barafuni kinachosukumwa kwa mguu, ambayo naendea posta kila siku, ni dakika ishirini, na upepo ukiwa mkaidi ni thelathini. Strandro wana chumba kitupu, nimewapigia simu wakaniambia. Bahati mbaya Strandro iko halmashauri ya Sundvika, na Sundvika iko mkoa wa jirani. Mkoa wetu, kama unavyojua, ulikatwa mwembamba na mrefu kutoka baharini hadi kwenye milima ya Norwe, na halmashauri yetu nayo ikakatwa vivyo hivyo, ili kila mmoja apate kipande cha bahari na kipande cha baridi. Ndiyo maana nyumba ya wazee ya halmashauri yetu yenye nafasi iko Fjällbo, kilomita mia moja sitini na nne kutoka hapa, mahali ambapo hata msitu umechoka. Barua ya halmashauri inatupongeza. Inasema Torvald amepewa nafasi hiyo chini ya mpango mpya uitwao "Karibu na Nyumbani".

2. Kuhusu mpaka wenyewe. Ulichorwa na waungwana waliokuwa ndani ya mashua, wakifuata mkondo wenye kina kirefu, wakapaka alama nyekundu kwenye kisiwa kidogo cha mawe. Tangu hapo ardhi ya pwani hii imeendelea kuinuka milimita nane kila mwaka, kama nilivyowafundisha maofisa wenu. Kisiwa sasa ni kilima chenye miti, na ng'ombe wanakipanda kwa miguu. Mkondo umekuwa kinamasi, na kila Agosti nachuma humo matunda, buti moja mkoa wako, buti moja mkoa wa mwenzako. Kwa maneno mengine, ardhi yenyewe imekwishaamua kuelekea Sundvika. Mimi naomba tu karatasi zifuate. Ofisa mmoja wa ofisi yako aliniambia kwenye simu kwamba masuala ya mipaka "yako kwenye mchakato". Namwamini. Ghuba nayo iko kwenye mchakato. Ina kina cha mita mbili, na kwa kasi ya milimita nane kwa mwaka, baada ya miaka mia mbili na hamsini nitaweza kumsukuma Torvald kwa kiti cha magurudumu hadi Strandro bila kulowa. Yeye ni mvumilivu, lakini nimempigia hesabu na haifiki.

3. Halmashauri inasema nitaweza kumtembelea Fjällbo kwa basi. Basi lipo, silikatai, na ni safi sana. Linaondoka njia panda yetu saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi na kufika Fjällbo saa tano kasoro dakika tano. Basi la kurudi, ambalo ni moja tu kwa siku, linaondoka Fjällbo saa nne na nusu. Nilipouliza baraza la mkoa, ambalo ndilo lenye mabasi, nilijibiwa kwamba ratiba zote mbili zimefanyiwa utafiti na abiria waliohojiwa wameridhika. Nilipouliza ni abiria wangapi, nikaambiwa hakukuwa na abiria.

4. Tarehe mbili Februari walikuja watu wawili kwa kile kinachoitwa kikao cha kusikilizana. Mmoja ni Jonna, msichana mpole anayeshughulikia faili la Torvald. Wa pili ni Petter Hallmyr, mkuu wa idara ya wazee ya halmashauri, niliyemfundisha darasa la nne na ambaye kwenye ramani yake aliizungushia Granbäcka bahari pande zote. Nilioka biskuti za aina saba, kama mama yangu alivyofanya kila alipokuja mgeni wa maana, na wakala za aina saba. Jonna alinishika mkono akasema, "Ragnhild, nakusikia. Nakusikia kabisa." Nikamwambia, "Kama unanisikia, mwanangu, hebu rudia nilichosema." Akatazama karatasi zake.

Petter alikuwa mkweli zaidi. Alisema, "Mwalimu, ingekuwa juu yangu, ningesaini hapahapa." Nikamuuliza iko juu ya nani. Akasema, "Mkuu wa idara." Nikamuuliza mkuu wa idara ni nani siku hizi. Alichukua biskuti ya mlozi, akaitafuna taratibu, kisha akasema, "Ni mimi, lakini siyo kwa namna hiyo." Torvald, aliyekuwa kwenye kochi lake, akaniambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Muulize kama siku hizi bahari anaijua iko upande gani." Kikao kiliandikwa kuwa kilikuwa cha mafanikio.

5. Baada ya hapo nilipiga simu halmashauri, wakanielekeza kwako. Kwako wakanielekeza serikali kuu. Serikali kuu walisema suala la mipaka lazima lianzie halmashauri. Nikapiga tena halmashauri, na safari hii ikajibu ile sauti ya mashine. Inasema bonyeza moja kwa shule, mbili kwa maji, tatu kwa ujenzi, na nne kama umemgonga au kumwona kulungu mkubwa aliyejeruhiwa. Wazee hawakuwa na namba. Nikabonyeza nne.

Mheshimiwa, naomba kutamka rasmi kwamba simu ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili. Aliyeipokea ni Birger, kiongozi wa wawindaji wa upande wetu, ambaye pia hutafuta wanyama walioumia. Nilimweleza kila kitu. Akaniuliza, "Yuko wapi sasa hivi?" Nikasema yuko kwenye kochi. Akauliza, "Anatembea?" Nikasema anaburuta mguu wa kushoto. Akauliza, "Anaelekea wapi?" Nikasema angeelekea Sundvika kama angeruhusiwa. Birger akacheka, akasema, "Angekuwa kulungu, Ragnhild, ningekuwa nimeshavuka naye zamani."

Hapo ndipo nilipoelimika. Kumbe wawindaji wa pande zote mbili za mpaka wana mkataba. Kulungu akijeruhiwa upande huu anaruhusiwa kuvuka mpaka wa mkoa, kufuatwa, na kushughulikiwa upande wa pili, siku hiyohiyo, bila kikao na bila kusubiri serikali kuu. Ni ukurasa mmoja. Uliandikwa kwenye kibanda cha wawindaji, una doa la kahawa, na umefanya kazi miaka ishirini na sita bila mtu kulalamika. Torvald amelipa kodi katika mkoa huu miaka sitini na mmoja na hana haki hiyo. Niliposikia hivyo nilikasirika hadi nikalazimika kutoka nje kuzoa theluji kwa koleo, ingawa njia ilikuwa safi.

6. Kwa hiyo, kwa kuwa sitaki kuisumbua ofisi yako kwa jambo jipya wakati lipo la zamani linalofanya kazi, naomba Torvald Åkerlind asajiliwe kama kulungu mkubwa aliyejeruhiwa, kuanzia tarehe utakayoona inafaa. Sifa anazo. Mguu umeumia, na cheti cha daktari nakiambatanisha. Ana kilo mia moja na nne, na anakula vichipukizi vyovyote nilivyopanda nisipokuwa macho. Mkataba unataka mnyama afuatwe na mbwa aliyefunzwa. Tunaye Sessan, umri miaka kumi na mitatu, hasikii lakini harufu ya Torvald anaijua. Mkataba unataka pia sahihi za viongozi wa wawindaji wa pande zote mbili. Birger alisaini juu ya boneti ya gari lake. Märta, kiongozi wa upande wa Sundvika, alivuka barafu siku hiyohiyo, akasaini mezani kwangu akisema, "Sisi tunampokea, ila aje bila pembe." Shughuli nzima ilichukua robo saa pamoja na kahawa. Naomba tu kipengele cha saba, kinachohusu mgawanyo wa nyama, kisitumike.

7. Kama ofisi yako itaona ombi la sita limevuka mipaka, basi naomba la pili lililo dogo zaidi. Naomba shamba letu litangazwe kuwa mkoa. Lina wakazi wawili na mbwa, lina pwani, lina msitu, lina kinamasi, na tofauti na mikoa mingine yote ya nchi hii, kila mkazi anaweza kuiona ofisi ya mkuu wa mkoa kutoka kitandani. Nafasi ya mkuu wa mkoa niko tayari kuishika kwa muda. Nitaanza kwa kutia saini makubaliano na Sundvika, kisha nitajiuzulu siku hiyohiyo, jambo ambalo nalo litakuwa jipya.

Nasubiri jibu lako, na naahidi kutolisoma kwa hasira kabla sijalisoma kwa miwani. Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie Jonna, ambaye hana kosa lolote isipokuwa kazi yake. Msalimie Petter, mwambie bahari iko mashariki. Dereva wa basi la Fjällbo naye mpe salamu, maana nadhani anajisikia mpweke, na yule ofisa wa kwenye simu mwambie namtakia mchakato mwema.

Kwa heshima zote, pamoja na zile zilizofutwa,

Ragnhild Åkerlind
Mwalimu mstaafu wa jiografia

Nyongeza baada ya sahihi:

Kabla sijafunga bahasha nilimsomea Torvald barua hii, kwa sababu barua zangu zote za hasira hupitia kwake kwanza. Kwenye mambo ya vichipukizi alicheka hadi kahawa ikampalia. Nilipomaliza aliomba karatasi zenyewe azitazame, nikadhani anatafuta makosa. Kisha akasema, "Mama, barua nzuri. Ila mimi sitaki kwenda Strandro."

Nilifikiri ni ule ugonjwa unaosema. Nikamwambia angeniona kila siku kutoka dirishani kwao. Akasema, "Ndiyo hilo. Nitakuona kila asubuhi unatoka kwenda bandani kuchukua kuni. Siku moja utaanguka, na mimi nitakuwa nimekaa pale na blanketi magotini, nakutazama. Nipelekeni huko mbali, nisione." Nikamwambia mimi sianguki. Akasema, "Jumanne ulianguka. Ulikaa chini dakika tano nzima kabla hujainuka."

Sikujua kwamba aliona. Niliingia na kuni zangu siku ile nikamwambia nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasikiliza ndege. Nimeishi na mtu huyu miaka hamsini na saba, Mheshimiwa, na katika hasira yangu yote ya kutoulizwa sikuwahi kumuuliza.

Basi naomba barua hii ihesabiwe kuwa haijaandikwa, kuanzia namba moja hadi saba. Mpaka uacheni ulipo, hauna neno. Birger na Märta nitawaambia mwenyewe. Nyumba nitaifunga mwezi ujao, na Sessan atachukuliwa na Märta.

Naambatanisha fomu ya Fjällbo aliyoiacha Jonna. Pale penye mstari wa jina la mkazi pana nafasi ya mtu mmoja. Nimeandika wawili, kwa herufi ndogo.