Namba Mbili kwenye Orodha ya Sohembo

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Daktari amenishauri nisinunue kalenda ya mwakani. Hakusema hivyo hasa. Alisema moyo umechoka, tuombe tufike Krismasi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane. Kutoa najua.

Alasiri akaja Mchungaji Robyn na viatu vyake vya mpira, akakalia kiti cha paka, akatoa habari njema. Wageni wa Sohembo wanafika Alhamisi! Padri Didymus Oreba, na Mama Lucilla Kove wa Umoja wa Akina Mama. Kanisa letu hapa Kurrabin na lao kule Papua New Guinea ni ndugu tangu 1996. Tunaandikiana, tunaombeana, kila upande una orodha ya majina ya mwenzake. Na wamesema wa kwanza wanayetaka kumwona ni mimi. Desmond Pascoe, moyo. Wameniombea kila Ijumaa saa kumi kwa miaka ishirini na miwili.

Nikamwaga chai.

Niandike ukweli hapa, maana nikiwa hai hakuna atakayeusoma. Mwaka 1997 moyo wangu ulikuwa mzima kama kengele. Nilikuwa katibu wa udugu huu, barua zote zilipita kwangu. Merle Quilty alikuwa namba moja kwenye orodha kwa sababu ya goti, na kila barua ya Sohembo ilimuulizia. Goti la dada Merle linaendeleaje? Goti! Mimi hakuna aliyeniulizia hata mafua. Basi nikaandika: Desmond, moyo. Nilikusudia mwezi mmoja tu. Sikujua kwamba Sohembo hawafuti jina mpaka mtu apone au afe. Na wa kuwapa habari za kupona alikuwa katibu.

Lazima niungame kabla sijafa. Si lazima iwe wiki hii.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekumbuka picha! Iko ukutani kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi na kombe la mchezo wa kuviringisha matufe, nimepiga goti moja kwenye majani, mashavu mekundu, na chini tarehe kwa herufi kubwa: Novemba 1997. Mwezi uleule niliojitangaza mgonjwa.

Nikaenda na fremu yangu ya kutembelea. Dakika arobaini kwa mwendo wa dakika tano. Nikaishusha picha, nikaificha ndani ya koti. Nikageuka. Merle, mlangoni, na trei ya vikombe.

Akaniambia, Mwalimu, leo kifua chako kina pembe nne.

Nikamwambia ni kifaa cha hospitali. Akasema loo, tiba imeendelea siku hizi, mpaka wanaweka na fremu ya mbao.

Ukutani pamebaki doa jeupe. Nimelifunika kwa kalenda ya duka la mbolea. Picha iko chini ya godoro. Inachoma mbavu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wamefika. Magimbi yao yametupwa na wakaguzi wa uwanja wa ndege, lakini kitambaa cha gome la mti kimeruhusiwa kupita. Mama Lucilla ni mwanamke mnene, mpole wa sauti, mkali wa macho. Padri Didymus ni mrefu na ana huzuni.

Huzuni yenyewe ni mimi! Sikulitazamia hili. Alinitazama kuanzia slipa hadi kwenye bomba la hewa puani, machozi yakamlengalenga. Akamwambia Mchungaji Robyn kwa sauti ya chini, akidhani mzee hasikii, kwamba miaka ishirini na miwili wamebisha mlango huu, na tazama, mtu bado yuko vilevile. Atawaambia nini watu nyumbani? Kuna akina mama waliofunga chakula kwa ajili yangu. Kuna mmoja alianza kuniombea akiwa msichana, sasa ana wajukuu.

Sikula hata keki ya nazi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata dawa ya jambo hili! Si uongo, ni mpangilio mpya tu. Nitasema nilipona mwaka uleule wa 1997 kwa maombi yao, nikasahau kuwaarifu, na huu ni ugonjwa mwingine wa mwaka huu. Nusu ya pili ni kweli tupu. Padri anapata muujiza, mimi napata heshima.

Nimetoa ushuhuda ukumbini wakati wa chai. Nilisema vizuri. Nilipofika pale moyo uliposimama kisha ukaanza tena, Padri Didymus akainuka akapiga makofi. Akina mama wetu, ambao hawajawahi kusema haleluya bila kitabu, walisema haleluya.

Merle akainuka pia. Akasema hili ni jambo la kumshukuru Mungu kweli, maana yeye binafsi hakujua kama Des aliwahi kuugua. Kisha akatoa kwenye mkoba picha. Picha ileile! Ana nakala. Alikuwa amesimama nyuma yangu siku hiyo, asiyeonekana ila kofia. Akaipitisha mkono kwa mkono. Mtu anakufa kwa moyo, akasema, na bado anakunyang'anya kombe kwa matufe sita! Ningejua ni mgonjwa nisingelia.

Watu wakacheka. Padri Didymus hakucheka. Mama Lucilla aliitazama tarehe muda mrefu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mama Lucilla alikuja barazani peke yake. Akaketi. Akasema, haya baba, sema.

Nikasema. Lote. Goti, barua, mwezi mmoja uliokuwa miaka. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo bila kupamba. Mwishoni nilikuwa nikihema, akasubiri nipate pumzi.

Alikasirika, wala hakuficha. Akasema alizaa watoto watano katika miaka hiyo, na hata Ijumaa ya uchungu wa yule wa mwisho alinitaja kwanza, ndipo akaita mkunga. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Mwaka huo, nani alikuwa akinipikia?

Nikasema hakuna. Mke wangu Enid alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Mama Lucilla akasogeza kiti chake karibu. Kisha akasema basi ugonjwa ulikuwepo, ila mwalimu mzima alikosea kuandika jina lake. Na kosa lina malipo. Sohembo imeniombea miaka ishirini na miwili, nami sasa niwaombee wao mingine kama hiyo. Akanipa orodha yao. Majina sitini.

Nikamkumbusha kwamba daktari amenipa mpaka Krismasi.

Akasema, basi omba haraka.

Sharti la pili: kesho niseme mwenyewe mbele ya kanisa. La tatu: tangu leo, kwenda Sohembo, nisiandike ila kweli. Nimeapa, mkono juu ya kitambaa chao cha gome.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeungama mbele ya watu wote. Maneno matano. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu, pumzi ikakataa. Nilisema: nilidanganya, nisameheni, sasa naumwa kweli. Padri Didymus alishuka madhabahuni akanikumbatia pamoja na fremu. Nililia. Nimejihisi mwepesi kama manyoya.

Kisha wakasoma orodha mpya ya maombi ya Sohembo kwa ajili yetu.

Jina langu la zamani limefutwa, kama ilivyo haki. La sasa limeandikwa upya. Na kwa utaratibu wao, jina jipya linakaa mwisho. Mimi ni wa arobaini na moja! Niko chini ya bomba la maji la shule ya msingi.

Na namba moja, kwa mwaka wa ishirini na tatu: Merle Quilty, goti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wageni wameondoka asubuhi. Mama Lucilla alinibusu kipaji cha uso, akasema tutaonana, bila kusema wapi. Nikaanza yale majina sitini kwa moyo wote. Nilifika jina la tisa. Hapo nikaanza kufikiri.

Miaka ishirini na mitatu kwa goti moja, ni haki hiyo? Watu wale wana shughuli. Na nikiwa wa arobaini badala ya arobaini na moja, Ijumaa moyo utasikilizwa sekunde kadhaa mapema. Katika hali yangu sekunde ni sekunde.

Nimeandika mistari miwili. Wapendwa wa Sohembo, kwa furaha nawaarifu kwamba dada Merle amepona kabisa. Mungu asifiwe, mnaweza kumfuta.

Jioni Merle aliniletea supu ya maboga. Amekuwa akiileta tangu Agosti, sijui kwa nini. Akaniinua mto. Akaniuliza kama nina lolote la kupelekwa posta. Nikampa bahasha. Akasoma anwani, akatabasamu, akasema vizuri, Mwalimu, uwe unawaandikia.

Nilimtazama dirishani akishuka ngazi, mkono mmoja ukutani, barua kwenye mwingine. Alisimama katikati kupumzisha goti.

Kwa mbali, halionekani baya.