Galaksi Juu ya Kitanda cha Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada amehamishiwa kitanda cha dirishani. Si kwamba dirisha litamfaa, maana daktari ameagiza alale chali, asigeuke. Kutwa anatazama dari. Na dari lenyewe! Limepauka kama soksi ya zamani, na katikati pana doa la maji yaliyovuja kutoka ghorofa ya juu.

Nimemuuliza anatamani nini. Nilitegemea aseme chungwa. Amesema anatamani kuona galaksi. Dada ni mwalimu wa fizikia, hata maradhi hayajamtoa darasani. Wala si galaksi zote, zile za karibu tu, kundi letu: hii yetu, Andromeda, ya tatu ambayo jina limenitoka, na zile ndogo ndogo zinazoandamana nazo kama vifaranga. Nikauliza karibu ni wapi. Kumbe mwanga wa Andromeda husafiri zaidi ya miaka milioni mbili kabla ya kutufikia. Huo ndio ujirani wa huko!

Daktari alituita kando, mimi na mume wa Dada. Akasema siku zilizobaki ni chache. Nikashika ukuta. Sijui ningesimamaje kama mpango usingenijia palepale. Mimi ni mshona mapazia. Nimefunika madirisha ya watu maisha yangu yote, nitashindwa na dari? Kitambaa cheusi, galaksi za shanga na uzi wa fedha, kitandwe juu ya kitanda. Mpango kabambe.

Shemeji nilimweleza. Huyu nimemwita Gogo tangu siku ya harusi yao, kimoyomoyo. Anakaa kwenye stuli, ameshika unyayo wa mkewe, hasemi, hatikisiki. Alisema ni wazo zuri, akaendelea kukaa. Mtu mzima!

Jumanne, 4 Machi

Nimeshona tangu asubuhi. Mwenye duka la vitambaa aliuliza pazia la nani. Nikasema la hoteli. Akauliza hoteli gani inataka giza kiasi hicho. Nikajifanya nina sindano mdomoni.

Dada alipiga simu mara mbili kuuliza kama nitapita. Nikamwambia nipo mbioni kwa ajili yake. Akasema sawa. Gogo yupo, bila shaka. Kazi yake rahisi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Nilichagua saa ya chakula, wauguzi wakiwa na shughuli. Nikapanda kiti, nikafunga kamba, nikatanda kitambaa. Kilipendeza kuliko nilivyoota. Ila bibi wa kitanda cha pili alizinduka usingizini, akaona kitu cheusi kimemfunika jirani yake, akaangua kilio. Akadakia wa tatu. Mara wodi nzima inalia. Ndugu zetu wawili waliokuwa wakipanda ngazi kuja kumwona walisikia, wakaanza kulia hukohuko kabla hawajafika. Dada akawa anapaza sauti kutoka chini ya pazia kwamba bado yupo.

Muuguzi mkuu, ambaye wodi nzima inamwita Sajini, alikuja akang'oa kila kitu. Amekitaifisha kitambaa. Aliniuliza kama nina akili timamu.

Dada alicheka mpaka mipira ya dripu ikatikisika. Kisha akakohoa, muda mrefu, nami sikujua mikono niiweke wapi. Alipopumua vizuri akaniambia nivute kiti. Nikamwambia nakuja, duka la vitambaa vyeupe linafungwa mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Kitambaa cheupe, galaksi nyeusi. Nani atalia kwa ajili ya cheupe? Hata Sajini aliguna tu, akapita.

Dada alifurahi. Alisema zamani wataalamu walizitazama nyota hivyohivyo, kwenye picha ambazo anga ni jeupe na nyota ni nyeusi. Kumbe mimi ni mtaalamu na sijijui! Halafu akakitazama kitambaa kwa makini, akaniuliza kwa upole kwa nini Andromeda ziko kumi na mbili.

Nikamweleza kwamba ua la pazia lazima lijirudie. Pazia ambalo ua lake halijirudii, mteja hulirudisha. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi.

"Hizi si nyingi, mdogo wangu," akasema. "Ni chache tu, na kati yake ni giza tupu. Hazigusani, hazifanyiani kazi yoyote. Zinashikana kwa kuwa karibu, basi."

Nikasema nimeelewa, nitafumua zote nizipange upya, chache, mbalimbali.

"Acha hivyohivyo. Kaa."

Lakini mtu mwenye moyo atakaaje chini ya Andromeda kumi na mbili? Nimekishusha, nimekikunja, nimeondoka nacho. Gogo alinisogezea stuli nyingine, nikairuka.

Jumapili, 9 Machi

Nilimaliza asubuhi. Kubwa tatu, ndogo za kutosha, kila moja mahali pake. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikapanda ngazi za hospitali na fimbo ya pazia begani, nikimsukuma kila mtu.

Gogo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu. Nilipomwona hayuko kwenye stuli yake nikajua.

Dada amekwenda alfajiri. Gogo alikuwa ameshika unyayo wake, akausikia unapoa. Nilimuuliza kama Dada aliniulizia. Akasema ndiyo, naye akamjibu kwamba nashona.

"Alisema nikwambie usihangaike," akasema Gogo. "Lile doa la maji ndilo lilikuwa Andromeda yake. Tulikuwa tunalitazama pamoja tangu Jumatatu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo. Nililia palepale, fimbo begani, watu wakiinama kupita chini yake. Dada yangu ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilitaka nimfanyie kitu kimoja tu.

Jumatano, 12 Machi

Tumemzika jana. Leo waliokuja kutufariji wameondoka, viti vya kuazima vimerudishwa. Nyumba imebaki na masikio, inasikiliza.

Mama amejilaza chali chumbani kwake. Hali, hasemi. Gogo amekuja tena, ameweka stuli kando ya kitanda, ameushika mkono wa Mama. Ndiyo ujuzi wake huo, hana mwingine. Niliposimama mlangoni Mama aligeuza uso.

"Mwanangu," akasema, "njoo ukae na mimi kidogo."

Nikaingia, nikainua macho, nikaona. Dari la Mama ni tupu! Hata doa halina. Na kile kitambaa cheupe kipo, kimekunjwa kwenye begi, galaksi zote mahali pake, hakijawahi kutandwa. Kinahitaji kupunguzwa upindo tu, na ngazi ndefu.

Nimembusu Mama kwenye paji la uso, nikamwambia nakuja sasa hivi. Gogo amesogeza miguu ili nipite. Fundi bomba wa mtaa wa pili ana ngazi, nikiwahi nitamkuta.