Kuhusu Foleni ya Vifurushi Kwenye Kompyuta ya Kanisa

Kisiwa cha Kilwa, Jumatano

Kwa Bwana Mpangaji wa Foleni, ndani ya programu inayoingiza Linux,

Pokea heshima zangu. Nimemaliza shule juzi, na mimi si mutu wa kugombana: hata kwenye kwaya nasimama safu ya nyuma. Lakini barua yangu ya kuomba nafasi ya chuo cha uuguzi inatakiwa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, Ijumaa, tena iliyochapwa. Kwa hiyo yaya Delphine, dada yangu, ameanza kuingiza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye ile ya zamani ya kanisa. Nilihitaji programu moja tu, ya kuandika. Nimekaa mbele ya kioo masaa mawili nikitazama unavyopanga, na nina malalamiko.

1. Unaanza na wasiojulikana. Vifurushi mia nne vya programu vimetangulia, majina yote yakianza na "lib". Yaya anasema unauliza kila kifurushi kinategemea nani. Kisichotegemea kingine kinaingia kwanza, kinachotegemea vingi kinangoja. Bwana, hapa kwetu anayetegemea wengi ndiye mukubwa! Pasta Davies anapikiwa, anafuliwa, anabebewa Biblia, na ndiye anayekula kwanza.

2. Vifurushi viwili vilikuwa vikingojana, kila kimoja kikitaka kingine kitangulie. Ukaviingiza pamoja, bila kikao. Mama Berthe na Papa Méschac wanangojana kuombana radhi mwaka wa pili huu, kwa ajili ya wavu uliochanika, na wazee wameshakaa vikao sita. Sasa tuwaambie nini wazee?

3. Betri ya sola imekwisha. Programu ya kuandika ilikuwa imebaki peke yake.

Naomba basi upange kwa heshima: mwenye jina aingie kwanza, wanaomtumikia watamkuta ndani. Ukikubali, hata nyumba tutaanza kujenga na bati la paa, maana ndilo linaloonekana kutoka mbali. Wazo hili Pasta amelipenda sana. Kesho anasafiri kwenda Nchelenge, na amemwagiza Papa Valère, mwenye boti, ampakie yeye kwanza, samaki baadaye.

Uwasalimie wote wa kwako, hata hao akina lib.

Niliye chini yako,
Arlène Musonda

N.B. Alhamisi. Tafadhali usibadilishe kitu. Asubuhi Pasta alipanda kwanza, akakaa chini kabisa ndani ya boti tupu. Makasha ya samaki yalipofika, hayakuwa na pa kukaa ila juu ya magoti yake, na boti ikalala upande. Papa Valère akamwambia, "Shuka, Baba, samaki wakutangulie." Wakashusha vyote, wakaanza upya mpaka saa sita. Kufikia hapo jua lilikuwa limejaza betri, na yaya naye alikuwa ameanza upya. Programu ya kuandika iliingia ya mwisho, ikafunguka mara moja.

Barua yangu imeshachapwa, iko mfukoni mwa Pasta. Amepanda wa mwisho.