Geji Inayotaka Mikono Minne

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita tangu mke wangu aende kwa binti yetu kumlea mjukuu. Aliaga kwa wiki mbili. Nyumba kimya, nasikia friji ikipumua. Leo tena jirani yangu, mwalimu mstaafu, amepita ziwani mbele ya gati langu na pikipiki yake mpya ya majini. Kanipungia mkono. Dharau ya wazi. Yangu ni kuukuu, lakini mashine ni injini, si rangi. Nimefungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu. Kikichongwa, hewa ndani inabanwa zaidi na mashine inaruka. Mwalimu ataupungia mgongo wangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeipeleka hedi kwa fundi wa kukereza vyuma. Akauliza, nusu milimita? Nikasema moja na nusu. Akasema kitabu cha mashine hakiruhusu. Nikamjibu kwamba kitabu kiliandikwa na waoga. Akanitazama kama anayetazama maiti inayotembea, akachonga. Kazi ilipokwisha nilibaki pale saa nzima. Ana redio.

Alhamisi, 6 Machi
Hedi imerudi mahali pake. Kilichobaki ni kupima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Geji yangu ni ya kukandamiza: mmoja anaishikilia kwa nguvu kwenye tundu la plagi, mwingine anabana akselereta hadi mwisho na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Mimi ni mmoja. Akselereta nikaifunga kwa mpira wa tyubu, kitufe nikakifikia kwa mpini wa ufagio. Geji ikachomoka, ikanipiga kidevuni. Nimejaribu mara kumi na moja. Mke wangu akapiga simu, akauliza nimekula nini. Nikasema nimeshiba, nikakata. Kisha nikakaa muda mrefu na simu mkononi.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu kapiga hodi. Anasema tangu juzi anasikia starta ikilia kama mbuzi aliyekabwa, akahofu nimepatwa na jambo. Nilitaka kumfukuza, lakini mikono ni mikono. Yeye akabonyeza, mimi nikashika geji. Silinda ya mbele geji ikasoma mia mbili na kumi. Ya nyuma mia moja na thelathini. Akauliza inavyotakiwa ni vipi. Nikasema zikaribiane.

“Mimi si fundi, jirani,” akasema, “lakini kuhesabu nimefundisha miaka thelathini. Hizi hazijakaribiana. Usiitie majini.”

Nikamwambia silinda ni kama watoto wa tumbo moja, hazilingani. Akacheka, akakaa hadi chai. Kumbe ni mjane. Anasema marehemu mkewe ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba, yeye hata balbu humshinda. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitoa vikombe viwili.

Jumapili, 9 Machi
Nimeitia majini asubuhi. Dakika nne za raha tupu. Halafu mlio kama sufuria ikigongwa nyundo, moshi, kimya. Pistoni ya mbele imetoboka. Nimeelea kwa muda wa saa mbili nikipiga kasia kwa kandambili. Aliyekuja na kamba ni Mwalimu. Alinivuta hadi gatini na hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Hilo ndilo lililoniuma. Akasema Jumamosi atakwenda kisiwani, polepole tu. Kiti cha nyuma kiko wazi na angependa kupata mtu wa kuongea naye. Nikasema nitaangalia ratiba.

Jumamosi, 15 Machi
Ratiba nimeiangalia. Haina kitu. Jana nikamtumia Mwalimu ujumbe kwamba nina wageni. Nikae nyuma kama gunia, nimemshika kiuno mbele ya ziwa zima? Saa tatu asubuhi akapunguza mwendo hapa mbele, akangoja kidogo. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia. Akaenda peke yake.

Mchana nimeleta injini ya mtumba, nimeiweka juu ya meza ya chakula. Haimzuii mtu, siku hizi nakula nimesimama. Kosa la safari ile nimeligundua: tulichonga kidogo mno. Hii itachongwa milimita mbili.